Benki Inanipa Kadi Nyeusi: Jibu kwa Msomaji wa Shela

Swali: "Shikamoo mama. Nina nyumba mbili za wageni hapa Shela, Lamu. Juzi benki yangu ilinipigia simu, wananipa kadi nyeusi ya chuma, wanasema hawampi kila mtu. Ada ni shilingi 35,000 kwa mwaka, kikomo cha mkopo shilingi 2,000,000, riba asilimia 3 kwa mwezi nisipomaliza deni. Napata pointi 1 kwa kila shilingi 100, na kila pointi ina thamani ya senti 50. Kuna launji za viwanja vya ndege, bima ya safari, na mtu wa kumpigia simu usiku na mchana. Mgeni wangu mmoja aliiweka kadi kama hiyo mezani, ikalia kama sahani, nami nikaitamani, sikufichi. Dubai huenda mara moja kwa mwaka kununua vifaa vya nyumba, Nairobi mara nne hivi. Je, niichukue? Na upande wa dini je?"

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo ulilosema hunifichi. Kuitamani si aibu. Nilifanya kazi idara ya kadi benki miaka 18 kabla ya kurudi kwetu Malindi, na nimewaona watu wazima wenye majengo na magari wakiigeuza kadi ya chuma mkononi kama mtoto aliyevishwa saa siku ya Idi. Kadi hizi zimetengenezwa hivyo kwa makusudi: uzito, rangi, hata ule mlio uliousikia mezani.

Jibu langu kwa hali uliyonieleza ni kwamba usiichukue, si kwa masharti hayo. Lakini nataka uone kwa nini, maana yuko mtu mwingine, pengine jirani yako papo hapo Shela, ambaye ningemwambia aichukue kesho.

Kwanza ujue umepewa nini. Kadi nyeusi iliyowasha tamaa hii duniani ni Centurion ya American Express, iliyotoka mwaka 1999. Miaka mingi kabla yake watu walikuwa wakisimuliana kwamba American Express ina kadi nyeusi ya siri kwa matajiri wakubwa. Haikuwapo. Kampuni ikaona uvumi wenyewe una wanunuzi, ikaitengeneza kweli. Huiombi, unaalikwa, na Marekani aliyealikwa hulipa dola 10,000 za kuingia kisha dola 5,000 kila mwaka. Kwa dola ya shilingi 130, hiyo ni 1,300,000 mlangoni na 650,000 za kila mwaka. Tena Centurion ya asili si kadi ya kubeba deni: matumizi ya mwezi hulipwa yote mwezi ukifika. Huko Dubai unakokwenda benki ya Dubai First iliwahi kutoa kadi iitwayo Royale, ukingo wake dhahabu na katikati yake almasi.

Yako si ya ukoo huo. Kwa maelezo yako, naona ni kadi ya daraja la juu la Visa au Mastercard, zile zinazoitwa Infinite na World Elite. Ni kadi nzuri, lakini hupewa kila ambaye mapato yake yanafika mahali fulani, na afisa aliyekupigia ana hesabu ya kadi anazotakiwa kutoa kabla ya mwezi kwisha. Nilikaa kiti hicho. Wazee wetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisemi kadi ni mbaya, nasema yenyewe ndiyo iliyokufuata, na yule anayefuatwa ana nafasi ya kudai masharti bora.

Sasa pointi, maana ndizo zinazowanasa wengi. Pointi 1 kwa shilingi 100, kila moja senti 50, ni nusu shilingi katika kila mia. Ili pointi peke yake zirudishe ada ya 35,000, inabidi utumie shilingi 7,000,000 kwa mwaka kupitia kadi hiyo, karibu 583,000 kila mwezi. Nawe uniambie, katika matumizi ya nyumba zako, nini kinaweza kupita kwenye kadi? Fundi wa chokaa humlipi kwa kadi. Mwenye punda aliyekuletea mchanga na mawe hana mashine. Samaki unanunua kwa mvuvi, mboga sokoni, mishahara unatuma kwa M-Pesa, stima vilevile. Ukitoa hayo yote, kilichobaki ni tiketi za ndege na ile safari ya Dubai.

Tuchukue Dubai basi. Tuseme umenunua viyoyozi, magodoro na mabomba ya bafu ya shilingi 1,000,000. Utapata pointi 10,000, yaani shilingi 5,000. Lakini umelipa kwa dirham, na benki hubadilisha kwa kiwango chake na kuongeza asilimia yake juu. Uliza ni ngapi, maana hilo hukuniandikia, na nadhani hukuambiwa. Ikiwa ni asilimia 3, umelipa shilingi 30,000 ili upate 5,000. Pale sokoni Deira, muuzaji akikupunguzia bei kwa kumlipa taslimu, kadi imekuwa ghali zaidi bado.

Kuna jambo jingine la pointi linalokuhusu wewe kuliko wasomaji wengi, kwa sababu una mashine ya kadi mezani kwako. Mgeni akilipa wiki yake kwa kadi, shilingi 150,000, benki ya mashine inakata sehemu kabla haijakupa. Ikikata asilimia 3, ni 4,500. Sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyompa mgeni kadi, na ndiko pointi zake, launji zake na ule mlio wa chuma hulipiwa. Kadi za daraja la juu, na kadi za kutoka nje, mara nyingi hukata zaidi. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo mwaka 2015: kwa kadi za kawaida za watu binafsi, benki iliyotoa kadi ya mkopo isipate zaidi ya asilimia 0.3 ya malipo. Tangu hapo kadi nyingi za huko zimekuwa na pointi haba, na Marekani, kusiko na ukomo wa namna hiyo kwa kadi za mkopo, pointi ni tele. Kwa hiyo ulipokuwa ukiitazama ile kadi ya mgeni kwa matamanio, wewe mwenyewe ulikuwa umeichangia. Badala ya kutafuta kadi kama yake, kaa na benki iliyokupa mashine mjadili makato. Kushuka kutoka asilimia 3 hadi 2.5, kwa wageni wanaolipa milioni 4 kwa mwaka kwa kadi, kunakuachia shilingi 20,000 taslimu, si pointi.

Kisa kimoja nikupe kwa sababu ninyi wa Lamu mtakielewa kuliko watu wa bara. Mwaka 2014 tajiri wa China, Liu Yiqian, alinunua kikombe kidogo cha kauri cha enzi ya Ming kwenye mnada wa Sotheby's, Hong Kong, kwa dola milioni 36 hivi. Alilipa kwa kadi yake ya American Express, ikabidi ipitishwe kwenye mashine mara 24. Mwaka uliofuata akanunua mchoro wa Modigliani kwa dola milioni 170, na hiyo pia akalipa kwa kadi. Pointi alizopata zinatosha ukoo mzima kuruka dunia. Watu hukisimulia kisa hiki kama ushahidi wa nguvu za kadi. Mimi naona jingine: pesa alikuwa nazo tayari, kadi ilikuwa njia ya kuzipitisha tu. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka ukutani, na waungwana walipanga humo kauri za China ili mgeni akiingia aone. Zile sahani zilikuwa mali ya mwenye nyumba. Kikomo cha shilingi 2,000,000 si mali yako, ni deni ambalo bado hujalichukua.

Launji ni jambo jepesi. Ukitoka Manda, uwanja wenu wa ndege wa Lamu, abiria wote mnasubiri pamoja, mizigo inasukumwa kwa mkokoteni hadi gatini, na hakuna kadi duniani inayobadilisha hilo. Launji itakufaa Nairobi na Dubai, na hata huko uulize ni viwanja gani, majengo yapi ya abiria, na mara ngapi kwa mwaka bila malipo, maana kadi nyingi siku hizi zina hesabu. Priority Pass, mtandao unaotumiwa na benki nyingi, huuza uanachama wa kawaida kwa dola 99 kwa mwaka na dola 35 kila ukiingia. Kwa bei hiyo ya kuingia, bila kuhesabu uanachama, mapumziko yako mawili ya safari ya Dubai, kwenda na kurudi, ni shilingi 9,100. Tena jiulize kwa ukweli: bila kadi, ungetoa 9,100 mfukoni kukaa kitini na kunywa chai? Kama ungetoa, hesabu 9,100. Kama usingetoa, hesabu kile ambacho ungekubali kulipa, labda 2,000. Kipimo hiki ukitumie kwa kila faida watakayokutajia. Kitu ambacho usingekinunua kwa pesa yako hakina thamani iliyoandikwa kwenye kijitabu.

Bima ya safari ina uzito zaidi, nayo watu hawaisomi. Mara nyingi haifanyi kazi mpaka tiketi iwe imelipwa kwa kadi hiyo hiyo. Kuna umri wa mwisho, kuna magonjwa ya zamani yasiyohesabiwa. Na kwako wewe hofu kubwa si kuugua Dubai, ni mtu wa nyumbani kuugua usiku Shela, bahari imechafuka na hospitali kubwa iko Mombasa au Nairobi. Flying Doctors wa AMREF wana uanachama wa mwaka wa ndege ya wagonjwa. Ulizia bei yao kabla ya kulipia kadi kwa ajili ya bima.

Yule mtu wa simu wa usiku na mchana, sitapoteza muda. Ukitaka meza ya chakula London atakusaidia. Ukitaka boti ya kutoka Manda saa tano usiku, unamjua nahodha wa kumpigia kuliko yeye.

Sasa nifike panaponiuma. Biashara yako ni ya msimu. Desemba hadi Machi nyumba zimejaa, Agosti inakuja tena, lakini Mei na Juni mvua na kusi zinapokaza, nyumba nyingi Shela hufunga milango. Bili ya kadi haijui kusi wala kaskazi. Inakuja kila mwezi. Tuseme umeingia Aprili na deni la shilingi 600,000 la vifaa, ukajiambia utamaliza wageni wakirudi. Kwa asilimia 3 kwa mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 18,000. Ukikaa miezi mitatu bila kulipa, riba juu ya riba, imepita 55,000, kabla ya faini za kuchelewa. Ada ya 35,000 uliyokuwa ukiifikiria imekuwa ndogo kuliko robo moja ya mwaka ya riba. Kwa mwaka mzima, asilimia 3 kwa mwezi hukaribia 43. Ndiyo maana benki haziandiki ya mwaka kwa herufi kubwa.

Tena kuna mtego ambao nimewaeleza mamia ya wateja na bado uliwanasa. Zile siku 45 au 50 za bure bila riba ni za anayelipa deni lote. Kwa kadi nyingi, ukibakisha deni tu, hata ununuzi mpya wa mwezi unaofuata huanza kula riba tangu siku ulipofanywa. Na ukitoa pesa taslimu kwenye mashine kwa kadi ya mkopo, huna siku za bure hata moja: kuna ada ya kutoa, na riba inaanza siku hiyo hiyo.

Mwaka 2014 nilikuwa bado kazini. Juni pakatokea mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na serikali za nje zikawaonya raia wao kuhusu pwani yetu. Mwenye hoteli mmoja wa huku Malindi, mtu mwadilifu sana, hakutaka kuwaacha wafanyakazi wake bila mshahara. Akatoa pesa kwenye kadi yake ya daraja la juu, shilingi laki nane, akiamini wageni watarudi baada ya miezi miwili. Hawakurudi. Akashindwa hata kile kiwango cha chini cha kila mwezi, na kabla ya Machi ya mwaka uliofuata deni lilikuwa limepita milioni moja. Jina lake likaenda kwenye ofisi za taarifa za mikopo, zile tunazoziita CRB, na doa la namna hiyo laweza kukaa miaka 5. Alipotaka mkopo wa kawaida wa kufufua hoteli, wenye riba ya kuvumilika, akanyimwa. Mimi ndiye niliyemshauri aichukue kadi ile. Alikuwa mteja mzuri na nilitaka apate heshima. Nimelibeba hilo, na ndiyo sababu nakuandikia kwa urefu. Lamu imeonja tena tangu wakati huo: Januari 2020 shambulio la Manda Bay, na Machi corona. Wewe unajua nyumba zako zilikaa tupu muda gani.

Kuhusu dini, mimi si mwanachuoni, nitakupa ninachojua kisha uende kwa wenyewe. Baraza la kimataifa la fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Riyadh mwaka 2000 na kutoa azimio kwamba kadi ya mkopo isiyo na akiba nyuma yake, yenye sharti la riba, haifai kutolewa wala kutumiwa, hata kama mwenye kuichukua amenuia kulipa ndani ya siku za bure. Neno zito ni hilo la mwisho. Watu wengi hujitetea kwamba "mimi huwa namaliza deni, riba hainigusi", na azimio linasema kusaini sharti lenyewe ndilo tatizo. Kadi inayokata pesa zako mwenyewe akauntini haimo katika hilo. Kuna pia kadi za benki za Kiislamu zinazotoza ada maalumu isiyopanda kwa ukubwa wa deni. Gulf African na Premier, ambayo zamani ilikuwa First Community, ni benki za Kiislamu hapa Kenya. Waulize wanacho nini sasa. Na masheikh wa msikiti wa Riyadha, mjini Lamu, hawako mbali nawe, ni mwendo wa boti tu. Nenda na karatasi ya masharti mkononi, usiende na maelezo ya mdomo.

Yule jirani ambaye ningemwambia achukue ni nani? Ni mtu anayesafiri nje mara nane au kumi kwa mwaka, anayelala hoteli kubwa kwa sababu ya kazi, ambaye tayari ananunua bima na kulipia launji, mwenye mapato ya kila mwezi yasiyoyumba, na ambaye deni lote linakatwa akauntini tarehe ile ile bila yeye kukumbuka. Kwake 35,000 inarudi kabla ya nusu ya mwaka. Hata yeye aangalie upya kila ada inapopandishwa, kwa sababu hupandishwa. American Express Platinum ilikuwa dola 695 kwa mwaka, mwaka 2025 ikawa 895. Chase Sapphire Reserve ya Marekani ilitoka mwaka 2016 kwa dola 450 na zawadi ya pointi 100,000 iliyowafanya vijana wagombee, leo ni 795. Mchezo ni ule ule: unakaribishwa kwa karamu, ukishazoea nyumba, kodi inapanda.

Wewe ufanye hivi. Malipo ya mtandaoni, matangazo na tiketi, tumia kadi yako ya kawaida ya akaunti, au ile kadi ya Visa ya ndani ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2022. Ukiwa na hamu ya kadi ya mkopo kwa dharura, na sheikh akaona ipo inayofaa, chukua ya chini isiyo na ada, kikomo chake kisizidi mapato ya mwezi mmoja wa msimu mbaya. Afisa akikuambia mwaka wa kwanza ada imesamehewa, muulize mwaka wa pili itakatwa tarehe ngapi, na uandike. Ukitaka kuifunga siku moja, kuikata kwa mkasi hakuifungi. Barua ndiyo inayoifunga, na upate jibu la maandishi. Wala usimpe mkeo au kijana wako kadi ya nyongeza kama zawadi bila kuelewana, maana kila watakachonunua deni ni lako.

Kabla ya kumjibu afisa, mwombe jedwali kamili la ada, lililoandikwa: asilimia ya kubadilisha fedha za kigeni, ada ya kutoa taslimu, faini ya kuchelewa, idadi ya kuingia launji, na kama wanashikilia akiba yako yoyote kuwa dhamana ya kikomo kile. Hilo la dhamana wengi hulisahau. Akisita kukupa, umeshajibiwa. Akikupa, nitumie nakala, tuisome pamoja mstari kwa mstari kabla hujatia saini.